Albamu ya Mama ya Miaka 80: Nianze na Programu Gani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza. Desemba mama yetu mzazi anatimiza miaka 80, na sisi watoto tumekubaliana kumtengenezea albamu ya kumbukumbu: picha za zamani, barua za marehemu baba, kadi za harusi, picha za wajukuu. Kurasa kama 30, ichapwe vitabu sita. Nimeangalia video nyingi za YouTube na kila mtu anasema lake: Photoshop Elements, Canva, GIMP, Affinity. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, intaneti natumia bando la simu, na sijawahi kugusa programu ya ubunifu zaidi ya PowerPoint ya kufundishia. Kijana wa steshenari amesema ataniwekea Photoshop ya bure. Nianze na ipi?

Jibu: Mwalimu, salama kabisa. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Anza na Canva, akaunti ya bure, na uifungulie kwenye laptopu, si kwenye simu. PowerPoint unayoijua iwe akiba ya siku ambazo bando limekata. GIMP na Affinity ziache kwanza mpaka kitabu hiki kimfikie mama. Na huyo kijana wa steshenari mwambie asante, lakini hapana.

Nianze na yeye, maana ndiye anayeweza kukuharibia kazi mapema. Photoshop kamili si ya bure. Adobe huiuza kwa malipo ya kila mwezi au ya mwaka. Inayopachikwa kwa flashi ni iliyovunjwa kufuli, na mara nyingi ili ifanye kazi unaambiwa uzime kwanza kinga ya virusi. Laptopu hiyo hiyo ina maksi za wanafunzi wako, na sasa inakwenda kubeba picha za marehemu baba ambazo huenda hazina nakala nyingine. Hata ungeipata kihalali, Adobe wenyewe wanataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwenda juu. Kwa GB 4 utakuwa unabofya na kwenda kuchemsha chai.

Video za YouTube zinakuchanganya kwa sababu nyingi zinatoka kwa akina mama wa Marekani, ambako ufundi huu wa skrapubuku, yaani kitabu cha kumbukumbu cha kupamba kwa mkono, ulianzia kwenye karatasi, mkasi na gundi. Ukurasa wao wa kawaida ni mraba wa inchi 12 kwa 12. Walipohamia kwenye kompyuta, kipimo hicho walihama nacho, ndiyo maana kila video inakuambia uanze na ukurasa wa pikseli 3,600 kwa 3,600: inchi 12 mara nukta 300 kwa kila inchi. Photoshop Elements ikawa kipenzi chao kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko Photoshop kubwa na ukishainunua ni yako. Siku hizi hata hilo limebadilika: kuanzia toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka mitatu, kisha inakwisha. Ni programu nzuri, lakini kwa kitabu kimoja cha mama sioni sababu ya wewe kuilipia.

Watu wengi huchagua programu kwa kuhesabu inaweza mambo mangapi. Kwa anayeanza mimi nauliza mengine. Ukiburuta picha juu ya fremu, inaingia na kujikata yenyewe? Ukikosea, unaweza kurudi nyuma hatua nyingi? Ukifunga leo na kufungua Jumamosi, picha na maandishi bado yanahamishika, au vimegandana kuwa picha moja? Na mwisho wa yote, inatoa faili ambayo mashine ya kuchapa inaikubali bila ugomvi? Programu yenye majibu manne ya ndiyo inakutosha, hata kama wabunifu wataicheka. Albamu za familia hufia ukurasa wa tatu au wa nne, na kinachoziua ni mtu aliyetaka kubandika picha kujikuta anasoma somo la leya na maski usiku wa manane.

Lakini hata kabla ya kufungua Canva, nenda kwanza kwa atakayechapa. Hapa ndipo nakuomba usiharakishe, maana ukubwa wa ukurasa ukishakosewa mwanzoni, kurasa zote zinapangwa upya.

Mashine nyingi za kidijitali za kuchapa hutumia karatasi inayoitwa SRA3, yenye milimita 320 kwa 450. Sasa piga hesabu. Ukurasa wa inchi 12 ni kama sentimita 30.5. Kurasa mbili zikikaa ubavuni ni sentimita 61, haziingii kwenye karatasi ya sentimita 45. Itabidi kila ukurasa uchukue karatasi yake, sehemu kubwa ikatwe na kutupwa, na kitabu hakitaweza kukunjwa katikati. Ukichagua mraba wa sentimita 20 kwa 20, kurasa mbili ni sentimita 40 kwa 20: zinaingia kwenye karatasi moja na nafasi ya kukatia inabaki. Kwa kitabu cha nyumbani ni kipimo kizuri, mama anakishika kwa mkono mmoja bila kuchoka. Kama mnataka kile kitabu kizito cha studio za harusi, chenye kurasa ngumu zinazofunguka bapa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Studio hizo zina vipimo vyao, wengine inchi 12 kwa 12, wengine 12 kwa 18, na wewe unafuata walichonacho.

Muulize mchapaji mambo haya na uyaandike: kitabu kitapigwa pini katikati au kitabandikwa gundi mgongoni? Ziada ya kukatia anataka milimita ngapi kila upande? Anapokea PDF ya ukurasa mmoja mmoja, au ya kurasa mbili mbili? Jibu la kwanza ndilo linaloamua idadi ya kurasa. Kwa pini, kila karatasi iliyokunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 30 hazigawanyiki. Fanya 28 au 32, na mimi ningefanya 32, maana picha za wajukuu huwa hazijawahi kupungua. Hiyo ni karatasi nane kwa kila kitabu, 48 kwa vitabu sita, bila jalada. Kwa gundi unaweza kuwa na idadi nyingine, ila gundi humeza upande wa mgongo: acha kama sentimita moja na nusu pasipo uso wa mtu wala maandishi.

Ziada ya kukatia kwa kawaida ni milimita 3 kila upande. Maana yake picha au rangi inayofika ukingoni lazima ivuke ukingo, ili kisu kikipotoka kidogo usibaki mstari mweupe. Na kinyume chake, majina na nyuso vikae angalau nusu sentimita ndani. Wanaoanza hupenda kuweka fremu nyembamba kuzunguka ukurasa mzima, karibu kabisa na ukingo. Usifanye hivyo. Kisu kikienda milimita moja kushoto, fremu yako itakuwa nene huku na nyembamba kule, na kila atakayefungua ataliona hilo kwanza.

Sasa picha zenyewe, ambazo naamini nyingi zinakuja kupitia grupu la familia la WhatsApp. Hili ndilo tatizo kubwa la albamu za siku hizi, na hakuna programu inayolitibu. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza; upande mrefu hubaki na pikseli kama 1,600. Kwa kuchapa kwa nukta 300, hizo ni sentimita 13 na nusu. Inatosha picha ya ukubwa wa kadi ya posta, haitoshi kujaza ukurasa wako wa sentimita 20 ambao unataka pikseli kama 2,360, na ukiongeza ziada ya kukatia ni 2,430. Kwenye skrini ya simu huoni tofauti yoyote. Kwenye karatasi nyuso zinakuwa laini kama zimepakwa mafuta. Dawa ni rahisi: waambie kaka na dada zako watume kwa alama ya kiambatisho, wachague Document badala ya picha. Hapo faili inafika kama ilivyo. Chaguo la HD ni bora kuliko la kawaida, ila Document ndiyo salama. Na picha iliyopigwa juu ya skrini ya simu nyingine, au iliyokatwa kutoka kwenye stetasi, iombe upya kwa mwenye nayo.

Zile za zamani za karatasi, zipitishe kwenye skana kwa nukta 600. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa hivyo inakupa pikseli kama 2,100 kwa 3,070, yaani unaweza kuikuza mara mbili bila aibu. Steshenari nyingi zina skana iliyounganishwa na fotokopi; mwambie hasa 600, na asikupe PDF, akupe JPEG au TIFF. Usimruhusu "akusafishie" picha hapo hapo, mwachie mikono yake kwenye skana tu. Kama huna skana karibu, laza picha kwenye meza karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, zima taa ya juu na flashi ya simu, simama juu yake simu ikiwa sambamba kabisa na meza. Picha zenye mng'aro zitaakisi hata shati jeupe ulilovaa, kwa hiyo vaa la giza.

Skani na mgongo wa picha pia. Picha za zamani huwa na muhuri wa studio, tarehe, wakati mwingine maneno mawili ya wino: "Kwa mpenzi wangu." Ukurasa ulio na picha mbele na mgongo wake pembeni, mdogo, unasema mengi kuliko maua yote ya mapambo. Tena muhuri unaweza kukusaidia kukisia mwaka: Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Zanzibar, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1930, basi picha yenye muhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Picha zote zikishaingia kwenye laptopu, tengeneza folda moja ya asili ambayo huigusi kamwe, na nyingine ya kazi. Nakala ya ile ya asili iweke kwenye flashi na nyingine kwenye Google Drive, ambayo inakupa GB 15 za bure. Badilisha majina ya faili: mwaka, mahali, nani. "1974_Korogwe_mama_na_shangazi" utaipata, "IMG-WA0043" hutaipata.

Haya, tuje kwenye Canva. Ilianzishwa Australia, ikaingia sokoni mwaka 2013, na inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hausakinishi kitu. Akaunti ya bure inakupa GB 5 za kuhifadhi. Ukipakia picha 120 za MB 3 kila moja hujafika hata nusu ya GB. Bando kubwa litaliwa siku ya kupakia picha. Fanya hivyo siku moja, usiku kama una bando la usiku, na baada ya hapo kupanga kurasa hakuli sana.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, utakutana na tangazo la Canva for Education, ambayo huwapa walimu wa msingi na sekondari huduma za kulipia bila malipo wakithibitisha kazi yao. Ichukue kwa ajili ya darasa, ni nzuri kweli. Albamu ya mama fanyia kwenye akaunti yako binafsi. Ile imetolewa kwa kazi ya shule, na barua za baba hazina sababu ya kukaa kwenye akaunti ya shule.

Fungua, chagua ukubwa wako mwenyewe, andika milimita 200 kwa 200. Usiandike 206, Canva itaongeza ziada yenyewe wakati wa kupakua. Ila kwenye mipangilio ya faili washa alama zinazoonyesha eneo la kukatia, ili ujue unavutia picha mpaka wapi. Jambo la pili, na wengi hawalifanyi: usianze na templeti. Templeti za skrapubuku zimejaa maua ya waridi, kamba za katani na maneno ya Kiingereza yaliyopinda, na zote zimepangiwa picha za kulala pana. Picha za studio za akina mama zetu zimesimama wima. Utatumia jioni nzima kumlazimisha mama aingie kwenye dirisha la mtu mwingine.

Anza ukurasa mweupe. Kama mama ana kanga aliyoitunza siku nyingi, ipige pasi, itandaze barazani kivulini, piga picha ya pindo peke yake, kisha nyingine ya jina lake. Pakia hiyo picha ya pindo, ivute ijaze ukurasa mpaka ivuke ukingo, kisha punguza uzito wake kwa kile kitufe cha uwazi mpaka ibaki kama asilimia 20 au 25. Hiyo ndiyo karatasi yako ya mapambo, na hakuna tovuti inayoiuza. Juu yake, kwenye kisanduku cha kutafuta vipengele andika frame, chagua fremu ya mstatili ulio wima, ibandike, kisha buruta picha ya mama juu yake. Itaingia yenyewe. Ibofye mara mbili, isogeze ndani ya fremu mpaka macho yake yakae kwenye theluthi ya juu. Kama picha ina kingo zile za mawimbi za zamani, usiiweke kwenye fremu. Iache na kingo zake, weka kivuli chepesi chini yake.

Maandishi: fonti mbili kwa kitabu kizima, si zaidi. Moja ya kusomeka kwa maelezo, moja yenye mbwembwe kidogo kwa vichwa. Kabla ya kuipenda fonti yoyote ya mbwembwe, andika ng'ombe na Ng'anzi. Fonti nyingi za mapambo zina alama mbovu ya ritifaa, au haipo kabisa, na majina ya watu yatavunjika vipande. Ukubwa wa maelezo usiwe chini ya pointi 11. Msomaji mkuu ana miaka 80. Mistari myekundu chini ya maneno yako ni kikagua tahajia cha Kiingereza kinacholalamika, kizime.

Ukitafuta mapambo utaona baadhi yana alama ya taji. Hayo ni ya kulipia. Ukiyatumia, faili yako itatoka na maandishi ya Canva juu yake au utaambiwa ulipe. Chuja uone ya bure tu. Kuondoa usuli wa picha kwa kubofya mara moja pia ni kwa wanaolipa, na katika albamu ya aina hii sikushauri hata kuitumia sana. Pazia la studio, kiti cha kusuka, ua la plastiki kwenye meza, vyote ni sehemu ya mwaka ule.

Kwa laptopu ya GB 4, usiweke kurasa 32 kwenye faili moja. Zigawe faili nne za kurasa nane, kila moja na sura yake: utoto na wazazi wake, ndoa, watoto, wajukuu. Funga vivinjari na kurasa nyingine zote unapofanya kazi. Na ukitaka ndugu waone, watumie kiungo cha kutazama au kutoa maoni, kamwe si cha kuhariri. Kuna mpwa katika kila familia ambaye atabadilisha rangi zote ziwe za dhahabu ukiwa umelala.

Jaribio langu kwa kila anayeanza ni hili, na lifanye kabla hujajifunga na programu yoyote, Canva ikiwemo. Tengeneza ukurasa mmoja tu wenye picha tatu na maelezo ya sentensi mbili. Ufunge. Kesho yake ufungue, badilisha picha moja na mwaka mmoja. Upakue kwa chaguo la PDF Print, weka tiki kwenye alama za kukatia, upeleke steshenari ukachapwe kwa rangi. Uukate kwa rula na wembe kwenye alama. Kama umefika hapo bila kumpigia mtu simu, umepata programu yako.

Utagundua rangi za karatasi zimepoa kuliko za skrini, hasa bluu kali na kijani cha kung'aa. Skrini huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino wa rangi nne, na PDF ya Canva ya bure hutoka kwa rangi za skrini. Kubadilisha kwenda za wino ni kwa wanaolipa. Kwa albamu ya familia mashine ya mchapaji itabadilisha yenyewe na matokeo yatakuwa ya heshima. Picha za rangi nyeusi na nyeupe ndizo za kuangalia: wakati mwingine hutoka na ukijani. Ikitokea, weka picha hizo zote kwenye kichujio kimoja cha kahawia chepesi, zifanane, na ukijani utapotea humo.

Siku bando likikata, fungua PowerPoint. Sicheki. Inajibu ndiyo kwa maswali yangu yote manne, na wewe unaijua. Weka ukubwa wa slaidi sentimita 20.6 kwa 20.6, kwa kuwa yenyewe haijui ziada ya kukatia na lazima uihesabu mwenyewe. Kabla ya kuingiza picha hata moja, nenda kwenye Options, kisha Advanced, tafuta sehemu ya ubora wa picha, uweke tiki kwenye Do not compress images in file. Usipofanya hivyo, itazipunguza picha zako kila unapohifadhi, kimya kimya. Kukata picha kwa umbo, uwazi, mistari ya kulinganisha, vyote vimo. Udhaifu wake uko kwenye kutoa PDF, ambapo huweza kushusha ubora wa picha tena. Njia ya kuzunguka ni kufungua kazi ile ile kwenye LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure na inakaa vizuri kwenye GB 4: dirisha lake la kutoa PDF linakuuliza wazi picha zishushwe mpaka nukta ngapi. Acha 300, au ondoa tiki kabisa. Kagua tu mistari ya maandishi, huwa inasogea kidogo ikihama kutoka programu moja kwenda nyingine.

Zilizobaki nazipitia haraka. GIMP ni ya bure na ina nguvu, ila ni meza ya kutengenezea picha moja moja, si ya kupanga kitabu. Haina dhana ya kurasa. Ukiwa na picha iliyokunjika au yenye doa usoni pa baba, hapo nitakuelekeza Photopea, programu ya kivinjari iliyoandikwa na Ivan Kutskir. Inafanana sana na Photoshop, ni ya bure ukivumilia matangazo pembeni, na picha yako inafanyiwa kazi kwenye kompyuta yako bila kupelekwa kwingine. Brashi ya kuponya madoa itakutosha. Affinity ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure. Ndiyo ningekupa kama ungekuwa unaanza kazi ya kutengenezea watu albamu kwa malipo na una kompyuta yenye pumzi. Scribus nayo ni ya kupanga vitabu, bure, inaelewa rangi za wino, lakini haina huruma kwa mgeni. Programu za kolaji za simu zitumie kwa stetasi ya siku ya sherehe. Nyingi hutoa picha ndogo isiyofaa kuchapwa.

Jipe muda. Kama sherehe ni Desemba, kurasa zote ziwe tayari mwishoni mwa Oktoba, maana wachapaji wote kuanzia katikati ya Novemba wamezama kwenye kalenda na kadi. Usiagize vitabu sita kwa mkupuo. Chapisha kimoja, mpe dada au shangazi anayejua ukoo vizuri na ambaye hakuwahi kukaa kwenye hiyo laptopu, asome kila jina na kila mwaka akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Rekebisha, toa PDF mpya, futa ile ya zamani kwenye flashi ya mchapaji asije akaichanganya, ndipo uagize vitabu vilivyobaki.